"Punguza mawazo" si dawa: Jifunze kupunguza mwendo ukiwa na wenzako

Jumatatu moja asubuhi mwanamume mmoja aliingia katika kliniki yangu jijini Nairobi, simu moja mkononi na nyingine mfukoni. Hata kabla hajaketi aliniambia: "Daktari, nina dakika kumi tu. Nipe kitu cha kichwa na cha kifua, kisha nirudi kazini." Kwa kuwa siwezi kutaja jina lake, katika makala haya nitamwita Bwana Mbio.

Bwana Mbio alikuwa na umri wa miaka 43. Mchana alikuwa mhasibu katika afisi moja mjini. Jioni na mwisho wa wiki aliwaandikia wenye maduka hesabu zao ili apate pesa za ziada. Alikuwa na watoto watatu shuleni, mkopo wa chama cha ushirika aliouchukua kununua ploti, na mikopo midogo ya simu ambayo alilipa mmoja kwa kukopa mwingine. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri ili apate matatu kabla ya msongamano wa magari, na alirudi nyumbani watoto wakiwa wamelala. Kichwa kilimuuma kila alasiri, moyo ulimwenda mbio akiwa kitandani, na tumbo lilimchoma.

Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuja kwangu katika muda wa miezi minne. Mara ya kwanza nilimpa tembe za kutuliza maumivu. Mara ya pili nilimpa dawa ya asidi ya tumbo, nikampima moyo kwa mashine na kuona hauna kasoro, kisha nikampigapiga begani nikamwambia: "Punguza mawazo, bwana." Alinishukuru, akaenda zake. Mara hii ya tatu shinikizo lake la damu lilikuwa 168 juu ya 104. Kwa mtu mzima, kipimo kinachofika 140 juu ya 90 mara kwa mara tayari ni ugonjwa.

Nilisoma niliyoandika katika faili yake ile siku ya pili, nikaona aibu. Nilikuwa nimemwandikia mgonjwa dawa isiyouzwa katika duka lolote. Kama angejua jinsi ya kupunguza mawazo, hangekuja kwangu.

Wiki hii, msomaji, ningependa tujifunze jambo ambalo sisi madaktari hulisema kila siku bila kulifundisha: jinsi ya kupunguza mwendo. Na nitaanza kwa kusema wazi kwamba si rahisi kulifanya peke yako.

Mwili unaokimbia ukiwa umeketi

Mnamo 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alieleza jinsi mwili wa mnyama unavyojitayarisha kupigana au kutoroka unapoona hatari. Binadamu yuko vivyo hivyo. Tuseme unavuka barabara na matatu inakujia kwa kasi. Kabla hujafikiri lolote, ubongo hupeleka habari kwa tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo, nazo humwaga homoni iitwayo adrenalini katika damu. Moyo hupiga haraka, pumzi huwa fupi fupi, ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu, na kazi ya kusaga chakula hupunguzwa. Unaruka kando. Dakika chache baadaye unacheka na wapita njia, na mwili unarejea katika hali yake ya kawaida.

Taabu ni kwamba mwili hautofautishi sana kati ya matatu inayokuja kwa kasi na ujumbe wa simu unaokudai pesa. Kengele inayolia ni ile ile moja. Tofauti ni kwamba matatu hupita, lakini deni halipiti, wala karo, wala mkubwa wa kazi mwenye hasira. Kengele inapolia mchana na usiku, homoni nyingine iitwayo kotisoli hubaki juu wakati ambapo ingepaswa kushuka. Usingizi huharibika, shinikizo la damu hupanda, sukari hupanda, na kinga ya mwili hudhoofika. Hali hiyo ndiyo tunayoiita msongo wa mawazo, na vijana mitaani huiita stresi.

Hapa nisahihishe jambo moja. Wengi huamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Vidonda vingi husababishwa na bakteria au na dawa za kutuliza maumivu zinazotumiwa ovyo. Msongo huongeza maumivu, lakini usiache kupimwa kwa kudhani kwamba unajua chanzo.

Na kazi nyingi kupita kiasi ina bei yake. Mnamo 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Kazi Duniani, ILO, yalitoa hesabu iliyotokana na tafiti nyingi: mtu anayefanya kazi kwa saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Nilipomjumlishia Bwana Mbio saa zake za afisini na za maduka, zilifika 74.

Dalili za kujichunguza

Msongo haubishi hodi. Huingia kidogo kidogo hadi mtu akadhani ndiyo tabia yake. Jichunguze ukiona mambo haya yameanza na hayaondoki kwa wiki kadhaa: unaamka saa tisa usiku na huwezi kulala tena, shingo na mabega hukakamaa, unasahau mambo madogo, unawafokea watoto kwa kosa la kikombe, hamu ya tendo la ndoa imepungua, unakula huku umesimama, pombe au sigara imeongezeka, na kitu kilichokuwa kikikufurahisha, iwe kwaya au mpira, sasa unakiona kama mzigo.

Dalili ninayoiogopa zaidi ni hii ya mwisho, kwa sababu mtu aliyeelemewa huanza kwa kuacha watu. Huacha kazi mwisho, lakini marafiki huwaacha mwanzo.

Swali la saa nane usiku

Nilimwuliza Bwana Mbio: "Ukipatwa na jambo saa nane usiku, ni watu gani wawili, mbali na mkeo, ambao unaweza kuwapigia simu?"

Alitoa simu yake, akaanza kupekua majina. Alinionyesha kwamba ana zaidi ya majina 900. Alipekua kwa muda, kisha akaiweka simu juu ya meza. "Daktari," akasema, "hawa wote ni watu wa kazi."

Zile dakika kumi zilikuwa zimekwisha, lakini hakuinuka. Polepole alianza kunieleza. Mkewe hakujua lolote kuhusu mikopo ya simu. Zamani alikuwa na rafiki watatu mtaani, wanaume aliocheza nao drafti kila Jumapili alasiri chini ya mti karibu na duka. Alikuwa hajawaona kwa miaka miwili. Kwanza alisema ni kwa kukosa nafasi. Kisha akasema ukweli: walikuwa na chama cha kuchangiana, alishindwa kutoa mchango wake miezi mitatu mfululizo, akaona haya, akaanza kupitia njia nyingine ili asikutane nao.

Wanaume wengi mijini wako hivyo. Tumefundishwa kujikaza. Mwenzako akikuuliza hali unajibu "niko sawa" huku kifua kinakubana. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na msongo ni maradhi yanayofichika kuliko yote, kwa kuwa hayana kidonda cha kuonyesha.

Nilimwandikia dawa ya shinikizo la damu na kumweleza kwamba ataimeza kila siku. Kisha nikamwambia: "Wiki mbili zijazo usije peke yako. Njoo na mmoja wa hao wa drafti." Alinitazama kama mtu aliyeambiwa apande Mlima Kenya bila viatu.

Rafiki ni kinga

Msomaji anaweza kuuliza, je, haya si maneno ya kanisani au ya baraza la wazee? Yanahusiana vipi na tiba? Hebu tutazame ushahidi.

Mnamo 1997 Sheldon Cohen na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu 276 wenye afya njema waliokubali kutiwa puani virusi vya mafua. Wale waliokuwa na aina chache za uhusiano na watu, moja hadi tatu, walikuwa katika hatari ya kupata mafua iliyozidi mara nne ya wale waliokuwa na aina sita au zaidi, yaani jamaa, marafiki, majirani, watu wa kazini, wa dini na wa vyama. Mnamo 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizohusu zaidi ya watu 300,000. Waliona kwamba wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi wa wapweke kwa asilimia 50 katika muda waliofuatwa.

Tusiende mbali. Nchini Zimbabwe, kuanzia mwaka wa 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza kina nyanya wa mtaa wa Mbare mjini Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Utafiti wa wagonjwa 573 uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba walioketi kwenye benchi walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida ya kliniki.

Na hapa kwetu, utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 2017 uliwahusu wanawake 421, wengi wao waliowahi kudhulumiwa. Nusu yao walikutana mara tano, dakika 90 kila mara, na wahudumu wa afya wa kijamii ambao si madaktari. Walifunzwa mambo manne: kupumua polepole, kutatua tatizo linaloweza kutatuliwa, kurudia shughuli walizoziacha, na kuimarisha uhusiano wao na watu wa kuwasaidia. Miezi mitatu baadaye, mfadhaiko wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao waliopelekwa kliniki kwa njia ya kawaida.

Hakuna uchawi hapa. Unapoketi na mtu unayemwamini, ubongo hupata habari kwamba hatari hii hukabiliani nayo peke yako. Kengele huanza kupungua. Moyo hufuata.

Masomo sita ya kupunguza mwendo

Somo la kwanza: chagua watu wawili au watatu na uwaambie waziwazi. Usingoje wakisie. Katika miji yetu, mtu akimwita rafiki faraghani, rafiki hudhani anataka kukopeshwa. Kwa hivyo anza hivi: "Ndugu yangu, sikuombi pesa. Nimeelemewa, nataka mtu wa kunisikiliza kwa nusu saa." Nimeona maneno hayo mawili, sikuombi pesa, yakifungua milango iliyokuwa imefungwa kwa miaka. Huenda mmoja akakuvunja moyo. Ndiyo sababu nasema wawili au watatu.

Somo la pili: jifunze kupumua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, lakini mwenye wasiwasi hupumua kwa kasi na kwa kifua cha juu tu. Keti, weka mkono tumboni, vuta hewa kwa pua huku ukihesabu hadi nne, kisha uitoe polepole ukihesabu hadi sita. Usiibane pumzi. Ukifanya hivyo utapumua kama mara sita kwa dakika. Pumzi ndefu ya kutoka huamsha neva inayouambia moyo upunguze kasi. Fanya dakika tano asubuhi na dakika tano jioni, hata ukiwa ndani ya matatu. Ukihisi kizunguzungu, rudi katika pumzi yako ya kawaida. Mara za kwanza fanya pamoja na mwenzako, mmoja akihesabu. Mtaona aibu kidogo, mtacheka, na kicheko hicho pia ni sehemu ya dawa.

Somo la tatu: toa matatizo kichwani, yaweke kwenye karatasi. Chora mstari katikati. Upande mmoja andika yanayoweza kufanyiwa jambo fulani, upande wa pili yasiyo katika uwezo wako. Bei ya unga na msongamano wa magari vitakwenda upande wa pili. Deni litakwenda upande wa kwanza. Chagua moja tu, ulitafutie hatua moja ndogo ya wiki hii. Fanya kazi hii ukiwa na rafiki, kwa kuwa mtu aliyechoka huona matatizo yake kama ukuta mmoja, na jicho la mwenzake ndilo huona matofali.

Somo la nne: weka siku ya kupumzika na uilinde. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Wengi hawaombi likizo hiyo kwa hofu ya kuonekana wavivu. Najua kwamba mwenye kibanda, fundi wa jua kali au dereva wa bodaboda hana wa kumwomba likizo. Basi atenge nusu siku kwa wiki, na amwambie rafiki ni nusu siku gani, ili akionekana kazini wakati huo aulizwe.

Somo la tano: tembea na mtu. WHO inashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Huhitaji klabu ya mazoezi. Shuka kituo kimoja kabla ya mtaa wenu na mwende kwa miguu mkiwa wawili, kwa mwendo ambao mnaweza kuzungumza lakini hamwezi kuimba. Wanaume wengi ambao hawawezi kusema yaliyo moyoni wakitazamana usoni huyasema wakitembea sambamba.

Somo la sita: linda usingizi. Lenga kulala saa saba au zaidi. Acha kahawa na chai kali baada ya alasiri. Pombe hukuangusha upesi lakini hukuamsha usiku wa manane, na miraa hufukuza usingizi kabisa. Usinunue tembe za usingizi dukani bila kuandikiwa na daktari, kwani baadhi yake huzoeleka na kumfanya mtu mtumwa. Simu ilale chumba kingine. Hapa pia rafiki ana kazi: mkubaliane kwamba saa tatu na nusu usiku mmoja atamtumia mwenzake neno moja tu, "zima", na wote wawili wazime.

Wewe unayeombwa usikilize

Kuna upande wa pili wa somo hili. Huenda wewe msomaji ndiwe utakayeitwa. Usiogope, hutakiwi kuwa daktari.

Msikilize hadi amalize. Usimkatize kwa kusema "hayo si kitu, mimi yangu ni makubwa zaidi." Usimhubirie. Usimtolee noti mfukoni ili mazungumzo yaishe. Mwulize: "Unataka nikusikilize tu, au unataka ushauri?" Atakalokuambia lisifike kwenye kundi la simu la mtaa. Kisha mpigie baada ya siku mbili, kwa sababu mtu aliyefungua moyo wake hujuta kesho yake na kuanza kujificha tena.

Nawe pia ujitunze. Ukiona unabeba mzigo unaokushinda, mshirikishe mtu wa tatu kwa idhini ya mwenzako, au mwelekeze kwa mtaalamu.

Marafiki wasipotosha

Rafiki hachukui nafasi ya hospitali. Maumivu ya kifua yanayobana kama mzigo mzito, yanayoenea hadi mkononi, shingoni au kwenye taya, yakiandamana na jasho, kichefuchefu au kukosa pumzi, si ya kungojea yapungue. Nenda hospitalini mara moja. Vivyo hivyo mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukikosa nguvu ghafla au maneno yakikwama. Moyo kwenda mbio kunaweza kutokana na upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingoni, kwa hivyo pimwa kabla ya kusema ni mawazo. Na anayetumia dawa za shinikizo la damu asiziache kwa sababu anajihisi mtulivu.

Huzuni ikidumu kwa wiki mbili na zaidi, mtu akiacha kula, au akisema kwamba ni heri asingekuwepo, huo si msongo wa kawaida tena. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandi mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu karibu naye, na umpeleke hospitalini. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu ya bure, 1199, na kuna Befrienders Kenya. Asizuiwe na hofu ya polisi: mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinakiuka Katiba. Siri uliyoombwa kuitunza haikufungi hapa. Uhai ni mkubwa kuliko siri.

Bwana Mbio leo

Alirudi baada ya wiki mbili, na hakuja peke yake. Alifuatana na mwanamume mnene, fundi wa magari, aliyevua kofia na kuketi bila kusema neno. Nilipomwuliza kama anajua hali ya mwenzake, alijibu: "Daktari, sisi tulidhani ametudharau. Kumbe alikuwa akizama."

Nisikudanganye, msomaji, kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Mkewe alipoambiwa kuhusu mikopo alikasirika, na walikaa karibu mwezi mzima wakizungumza kupitia kwa watoto. Fundi na wenzake walikaa naye na karatasi, wakajumlisha madeni yote, na jumla hiyo ilimtoa machozi. Aliuza ile ploti kwa hasara. Aliacha maduka mawili kati ya manne. Kisha Januari ya karo ilipofika aliyachukua tena, akaacha kutembea, akaacha kujibu simu. Shinikizo lake likarudi 158 juu ya 98.

Usiku mmoja alifika nyumbani saa nne na kuwakuta wale watatu wameketi sebuleni, ubao wa drafti mezani, wakinywa chai aliyowapikia mkewe. Hawakumgombeza. Mmoja alisema tu: "Keti, ni zamu yako." Aliniambia baadaye kwamba hakuna hotuba ambayo ingemrudisha kama maneno hayo.

Mara ya mwisho nilipompima alikuwa 134 juu ya 84, akiwa bado anameza tembe moja kila siku. Bado ana madeni. Bado hutembea upesi upesi akiingia mlangoni. Lakini siku hizi hanihesabii dakika.

Nami nilijifunza jambo. Swali la saa nane usiku sasa huwauliza wagonjwa wangu wote wanaokuja na kichwa, kifua na tumbo visivyokwisha. Jioni moja, baada ya kufunga kliniki, nilijiuliza mwenyewe. Nilipata jina moja, na hata huyo nilikuwa sijamjulia hali kwa miezi mitano. Nilimpigia nikiwa bado nimeketi pale pale.

Leo kabla ya kulala, andika majina yako mawili. Kama unayo, wapigie wiki hii ungali mzima. Kama hunayo, anza na mtu uliyemwacha kwa sababu ya haya.

Juma lijalo tutazungumzia shinikizo la damu: jinsi ya kujipima nyumbani na makosa yanayofanya kipimo kidanganye.